Hatari ya saratani ya titi: hesabu iliyoanza mbali na Ngaremara

Barabara ya lami itokayo Isiolo kwenda Archers Post, na hatimaye Moyale, hupita Ngaremara, wadi ya Isiolo Kaskazini ambako wakazi wengi ni Waturkana. Tuseme muuguzi wa huko amepewa ile fomu ya kukadiria hatari ya saratani ya titi ambayo madaktari wa Marekani wameitumia tangu 1989. Mbele yake ameketi mama mmoja. Mama, una miaka mingapi? Ulivunja ungo ukiwa na umri gani? Na kifungua mimba wako ulimzaa ukiwa na miaka mingapi? Mama mzazi, dada zako au binti zako, kuna aliyeugua saratani ya titi? Umewahi kukatwa kinyama cha titi kikapelekwa kupimwa?

Swali la kwanza tu tayari ni zito. Wazee wengi wa Kiturkana huhesabu miaka kwa ukame, kwa magonjwa ya mifugo na kwa uvamizi, na cheti cha kuzaliwa hawakuwahi kukiona. La nne ni zito zaidi, kwa kuwa aliyefia manyattani bila kufika hospitali hakuandikiwa popote kilichomuua. La mwisho atalijibu kwa urahisi: hapana, sijakatwa kitu. Si kwamba titi lake halijawahi kuwa na uvimbe. Hapakuwa na mtu wa kulikagua. Fomu itajumlisha majibu hayo na kumwambia hatari yake ni ndogo, na hapo ukosefu wa huduma utakuwa umehesabiwa kama afya njema.

Fomu hiyo ina historia, na karibu historia yote ilitendeka mbali na hapa. Mwanzoni mwa karne ya 18 daktari Mwitaliano Bernardino Ramazzini aliandika kwamba saratani ya titi iliwapata watawa wa kike kuliko wanawake wengine. Habari za homoni hazikuwapo bado. Aliloliona ni kwamba wasiozaa waliugua zaidi. Mwaka 1866 daktari Mfaransa Paul Broca akaandika habari za ukoo wa mke wake, jinsi ugonjwa huo ulivyowarudia wanawake wa damu moja kizazi baada ya kizazi. Kwa hiyo njia mbili tunazozifuata leo, maisha aliyoishi mwanamke na damu aliyorithi, zilikwisha kuonekana kabla reli haijaanza kujengwa Mombasa.

Aliyezitia hesabu ni Dkt. Janet Lane-Claypon wa Uingereza. Mwaka 1926, akiifanyia kazi Wizara ya Afya ya huko, alitoa ripoti iliyowalinganisha wagonjwa 500 wa saratani ya titi na wanawake 500 wasiokuwa nayo. Kazi hiyo inastahili kuheshimiwa kuliko inavyoheshimiwa, maana kabla yake madaktari waliwatazama wagonjwa peke yao, na ukitazama wagonjwa peke yao huwezi kujua kilichowatofautisha na wazima. Yeye aliwauliza wote maswali yale yale: uliolewa lini, umezaa wangapi, ulinyonyesha kwa muda gani? Ikadhihirika kwamba waliochelewa kuolewa, waliozaa wachache na walionyonyesha kidogo ndio waliougua zaidi.

Yaliyofuata yaliongeza tarakimu. Mwaka 1970 utafiti wa nchi kadhaa ulioongozwa na Brian MacMahon ulionyesha kuwa aliyezaa mara ya kwanza kabla ya miaka 18 alikuwa na karibu thuluthi moja tu ya hatari ya aliyengoja hadi 35 au zaidi. Mwaka 2002 wataalamu walikusanya tafiti 47 kutoka nchi 30, zenye wagonjwa zaidi ya 50,000, wakakuta hatari hupungua kwa asilimia 7 kwa kila uzazi, na kwa asilimia 4.3 nyingine kwa kila miezi 12 ya kunyonyesha.

Kwa hesabu hiyo, bibi wa Ngaremara aliyezaa wanane na kumnyonyesha kila mmoja hadi akatembea alikuwa na kinga kubwa ambayo hakuna aliyempa hongera kwayo. Mjukuu wake hanayo. Mwishoni mwa miaka ya 1970 mwanamke wa Kenya alizaa kwa wastani watoto 8. Utafiti wa kitaifa wa 2022 ulikuta 3.4. Binti aliyesoma hadi kidato cha nne, akapata kazi Isiolo mjini, akazaa wawili na kurudi kazini mapema, ameishi maisha aliyoyachagua na yana heri zake. Ila mwili wake umebeba hatari ambayo bibi hakuibeba. Jirani zetu wa Uganda waliliona hili mapema, kwa sababu Kampala imekuwa na rejista ya saratani tangu miaka ya 1950. Kati ya 1961 na 1995 saratani ya titi katika eneo la jiji hilo ilipanda kutoka wanawake 11 hadi 22 kwa kila 100,000. Rejista za mwanzo kati ya zilizopo Kenya leo zimekuja nyuma sana, Eldoret 1999 na Nairobi 2001, na zote mbili ziko mbali na Isiolo.

Mwaka 1989 mwanatakwimu Mmarekani Mitchell Gail na wenzake waliyafanya maswali hayo kuwa fomula. Ukijibu, unapata asilimia: uwezekano wako wa kuugua ndani ya miaka mitano ijayo. Ikifika 1.67, mwanamke wa Marekani huhesabiwa kuwa katika hatari ya juu na anaweza kushauriwa kumeza dawa ya tamoksifeni kama kinga. Tarakimu zile zilitoka kwa wanawake Wazungu waliokuwa katika mpango wa kupimwa matiti. Fomula ya Wamarekani Weusi ilingoja hadi 2007.

Wakati huohuo, njia ya damu nayo ilikuwa ikikimbia. Mwaka 1990 Mary-Claire King, baada ya kuzifuatilia koo 23 zenye wagonjwa 146, alionyesha kwamba jeni moja iliyo kwenye kromosomu ya 17 ndiyo iliyokuwa ikiurithisha ugonjwa katika baadhi yao. Wenzake wengi hawakuwa wakiamini kuwa ugonjwa wenye sababu nyingi namna hii ungeweza kufungwa kwenye jeni moja. Jeni hiyo, BRCA1, ilipatikana 1994, na BRCA2 ikafuata 1995. Mwanamke aliyerithi hitilafu katika mojawapo ana uwezekano wa takriban asilimia 70 wa kuugua kabla ya kufikisha miaka 80.

Afrika ilichelewa kuingizwa katika utafutaji huo, na aliyesaidia sana kuiingiza ni Olufunmilayo Olopade, daktari Mnigeria wa Chuo Kikuu cha Chicago. Mwaka 2018 timu yake ilichapisha matokeo ya wagonjwa 1,136 wa Nigeria. Karibu 15 katika kila 100 walikuwa na hitilafu ya kurithi katika jeni za aina hii, kiwango kikubwa kuliko wengi walivyotarajia.

Wengi wanaougua, hata hivyo, hawana hitilafu hiyo kubwa. Wana tofauti ndogondogo nyingi katika vinasaba, kila moja ikiongeza au kupunguza hatari kwa chembe tu. Mwaka 2019 wanasayansi walijumlisha tofauti 313 kuwa alama moja, nayo inaweza kuunganishwa na maswali ya kina Lane-Claypon na Gail ili kupata kadirio bora kuliko la upande mmoja. Chukua wanawake wawili, mmoja atakayeugua na mwingine asiyeugua, uiulize alama hiyo ni yupi. Kurusha shilingi kungekupa jibu sahihi mara 50 katika 100. Kwa wanawake wenye asili ya Ulaya alama ilipatia mara 63. Kwa wenye asili ya Afrika, mara 57.

Sababu yake inaeleweka. Tofauti zinazohesabiwa kwa kawaida hazisababishi ugonjwa zenyewe. Zinakaa karibu na kisababishi na hurithiwa pamoja nacho. Watu wa Afrika ni wa kale kuliko wote duniani, na katika vizazi vingi zaidi vipande vya kromosomu vimekatwa na kuchanganywa upya mara nyingi zaidi. Jirani na kisababishi wametengana. Mwaka 2024 kulitoka utafiti wa wagonjwa 18,034 wenye asili ya Afrika, na alama iliyotokana nao ilifanya vizuri kidogo, kama mara 60 katika 100. Wengi wa wanawake hao, lakini, ni Wamarekani Weusi na watu wa Afrika Magharibi, na hapa ndipo msomaji wa Isiolo anapaswa kuwa macho: Afrika si ukoo mmoja. Lisa Newman na wenzake walipolinganisha uvimbe wa Ghana na wa Ethiopia, ile aina isiyoitikia dawa za homoni ilikuwa nyingi mno Ghana na chache Ethiopia. Katika Hospitali ya Aga Khan, Nairobi, Shahin Sayed na wenzake waliripoti 2014 kwamba karibu robo tatu ya wagonjwa walikuwa na saratani inayoitikia homoni, na mmoja kati ya watano alikuwa na ile aina ngumu.

Ajabu ni kwamba vinasaba vya Waturkana vimekwisha kusomwa, tena kwa undani. Watafiti wa vyuo vya Marekani, wakishirikiana na taasisi ya KEMRI na kituo cha Mpala kule Laikipia, walichapisha 2025 matokeo ya kusoma jenomu za Waturkana, wakaitaja jeni ya STC1 inayousaidia mwili kuvumilia uhaba wa maji. Miaka mitano kabla, mradi huo ulikuwa umeonyesha kwamba Waturkana waliohamia mijini wana unene zaidi na shinikizo la damu la juu kuliko wafugaji waliobaki nyikani. Unene baada ya hedhi kukoma huongeza hatari ya saratani ya titi. Ninaiheshimu kazi hiyo, na inanisikitisha pia kwamba dunia imejua jinsi mwanamke wa Kiturkana anavyostahimili kiu kabla ya kujua ni wanawake wangapi wa kabila lake wanaokufa kwa ugonjwa huu. Waliokubali kutoa damu wameonyesha kwamba utafiti wa namna hiyo unawezekana Kaskazini. Kinachokosekana ni kuiunganisha damu hiyo na rejista ya wagonjwa, miaka kwa miaka, kama ile ambayo Kampala iliitunza kwa karatasi na kalamu.

Hadi hapo mwongozo wa Kenya wa 2018 wa uchunguzi wa saratani unatumia vigezo vikubwa viwili, umri na historia ya ukoo: kipimo cha mamogramu kuanzia miaka 40, na mapema zaidi kwa aliye na ndugu wa karibu aliyeugua. Mashine hiyo si ya kuikuta zahanatini. Mikono ipo. Mumbai, India, wahudumu wa afya waliofunzwa waliwakagua wanawake matiti kwa mikono kila baada ya miaka miwili, katika utafiti wa miaka 20 uliohusisha wanawake zaidi ya 150,000. Matokeo yake, yaliyochapishwa 2021, yalionyesha kuwa vifo vya saratani ya titi kwa wenye miaka 50 na zaidi vilipungua kwa karibu asilimia 30. Wahudumu wa afya ya jamii, ambao serikali iliwapa mikoba ya vifaa 2023, wanaingia kila boma la Ngaremara. Wakifundishwa kukagua, na wakiandika kwenye daftari jina la aliyekutwa na uvimbe, umri wake, watoto aliozaa, miezi aliyonyonyesha na ndugu waliougua, majibu ambayo fomu ya Gail haikuyapata yatakuwa yameanza kukusanywa hapa hapa.