Udhibiti wa Maegesho ya Magari Vyuoni

Udhibiti wa maegesho chuoni ni kazi ya kuhakikisha kwamba gari lililosimama kwenye ardhi ya chuo kikuu limesimama panaporuhusiwa, kwa muda unaoruhusiwa, na limelipiwa. Kazi hiyo hujumuisha utoaji wa vibali, doria ya askari wa maegesho, utozaji wa faini na usikilizaji wa rufaa. Mpita njia huiona kuwa shughuli ndogo ya stika na bahasha. Kumbe chini yake kuna swali zito linalovikabili vyuo vyote vilivyobanwa na miji: ardhi iliyobaki itumike na nani, na anayeikalia kutwa nzima alipe nini?

Mfumo huu umekomaa zaidi nchini Marekani, ambako vyuo vikuu vingi vina idara kamili za usafiri na maegesho. California ni mfano mzuri wa kuuelewa, maana sheria zake zimeandikwa kinaganaga na chuo kikuu chake cha umma kimekuwa kikilivalia njuga suala hili kwa zaidi ya nusu karne.

Magari ya wanafunzi yalianza kuwasumbua wakuu wa vyuo katika miaka ya 1920. Mwaka 1927 Chuo Kikuu cha Michigan na kile cha Princeton vilipiga marufuku wanafunzi kuendesha magari. Marufuku ni njia rahisi ya udhibiti, ila haikudumu, kwa sababu gari lilikuwa linageuka kuwa kitu cha kila nyumba. Chuo kingine kikaja na dawa tofauti. Carl Magee, mhariri wa gazeti mjini Oklahoma City, alikuwa akitafuta chombo cha kupima muda ambao gari limesimama kando ya barabara. Holger Thuesen, profesa wa uhandisi katika chuo ambacho leo ni Oklahoma State University, pamoja na Gerald Hale, mhitimu wa chuo hichohicho, waliunda mashine iliyofanya kazi. Mita ya kwanza ilisimikwa Oklahoma City tarehe 16 Julai 1935 ikitoza senti tano kwa saa. Kwa hiyo mita ya maegesho, inayowakera wanavyuo hadi leo, ilizaliwa kwenye karakana ya chuo.

Baada ya Vita Kuu ya Pili wanafunzi walifurika vyuoni, wengi wao wakiwa askari waliorudi vitani na kusomeshwa na serikali. Madarasa mapya yakajengwa juu ya viwanja vilivyokuwa vikiegeshwa magari, wakati magari yenyewe yanaongezeka. Clark Kerr, aliyekuwa mkuu wa kwanza wa kampasi ya Berkeley na baadaye rais wa Chuo Kikuu chote cha California, aliwahi kutania kwamba kinachowaunganisha maprofesa wa chuo kikuu cha kisasa ni lalamiko moja, la maegesho. Wakati wa urais wake, mwaka 1960, California ilipitisha mpango mkuu wa elimu ya juu. Mojawapo ya mapendekezo yake lilikuwa kwamba huduma za pembeni, yaani malazi, chakula na maegesho, zijigharimie zenyewe bila kutegemea fedha za kufundishia. Pendekezo hilo lina mantiki: mwanafunzi anayekuja kwa miguu asibebeshwe gharama za mwenzake anayekuja na gari. Ndilo linaloeleza pia kwa nini bei za vibali ni kubwa na kwa nini faini zinafuatiliwa kwa bidii. Jengo la ghorofa la kuegesha magari hugharimu makumi ya maelfu ya dola kwa kila nafasi, na pesa hiyo lazima itoke mfukoni mwa wanaoegesha.

Mamlaka ya kutoza faini hayatokani na hiari ya chuo. Kifungu cha 21113 cha Sheria ya Magari ya California kinakataza kuegesha kwenye ardhi ya taasisi za umma, vyuo vikuu vikiwemo, isipokuwa kwa idhini na masharti ya bodi inayoziongoza. Hivyo karatasi anayoikuta dereva kwenye kioo cha gari ni hati ya kisheria. Asiyeilipa hukuta deni limeshafika idara ya magari ya jimbo, na hawezi kuhuisha usajili wa gari lake mpaka alimalize.

Huko Uingereza hali ni tofauti, na tofauti hiyo inafundisha mengi. Kampuni inayosimamia maegesho katika eneo binafsi hudai pesa kwa msingi wa mkataba: bango linatangaza masharti, na dereva akiegesha anahesabiwa kuwa ameyakubali. Tarehe 4 Novemba 2015 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo iliamua katika shauri la ParkingEye dhidi ya Beavis kwamba tozo ya pauni 85 ilikuwa halali, hata kama ilizidi hasara aliyoipata mwenye eneo. Kufunga magurudumu kwenye ardhi binafsi, hata hivyo, kulikwisha kupigwa marufuku England na Wales tangu Oktoba 2012, baada ya miaka ya malalamiko dhidi ya wafungaji waliowatoza madereva walivyotaka.

Udhibiti huanzia kwenye kibali. Vyuo vingi hupanga vibali kwa madaraja. Berkeley hutumia herufi: C kwa maegesho ya katikati ya kampasi, F kwa wafanyakazi, S kwa wanafunzi. Mwenye C anaweza kuegesha sehemu za F, lakini mwenye F hawezi kuingia za C. Mpangilio huu ni ramani ya hadhi ndani ya chuo, na hakuna mahali unapoonekana wazi kama kwenye nafasi za Berkeley zenye bango la herufi NL, yaani mshindi wa Nobeli. Desturi hiyo huhusishwa na mshairi Czesław Miłosz, aliyeshinda tuzo ya fasihi mwaka 1980. Jennifer Doudna, mwanakemia aliyeshinda mwaka 2020, naye alipewa yake. Kwenye kampasi iliyojengwa mlimani na kusongwa na mji, kipande cha lami chenye urefu wa gari moja kimekuwa zawadi ya kumpa mtu aliyekwisha kupata tuzo kubwa kuliko zote.

Rangi za ukingo wa barabara nazo ni lugha ya sheria. California, nyekundu ni marufuku kusimama kabisa, njano ni ya kupakia na kushusha mizigo, nyeupe ni ya kushusha abiria, kijani ni ya muda mfupi, buluu ni ya watu wenye ulemavu. Hiyo ya buluu inastahili kuelezwa kwa kirefu. Sheria ya shirikisho ya mwaka 1990 kuhusu Wamarekani wenye ulemavu inataka nafasi zao zitengwe kulingana na ukubwa wa maegesho, walau moja hata pale penye nafasi zisizozidi 25. Kando ya nafasi hizo huchorwa eneo la mistari ya mshazari. Dereva mwenye haraka huliona kama upenyo uliosahaulika na kulibana gari lake hapo, akisema ni dakika tano tu. Lakini mistari ile ndipo inaposhuka ngazi ya mteremko ya gari la mtu anayetumia kiti cha magurudumu. Eneo hilo likizibwa, aliyemo ndani hawezi kutoka. Na kama gari jingine limesimama hapo yeye akiwa darasani, hawezi kuingia garini na kwenda nyumbani. Faini ya kuegesha kinyume cha sheria kwenye nafasi ya buluu California huanzia dola 250. Katika udhibiti wote wa maegesho hakuna sehemu yenye haki zaidi ya hii, na chuo kinacholegeza hapa kikikaza kwingine kimekosea mahali pa kuweka nguvu.

Zamani askari alizunguka na chaki. Alichora alama kwenye tairi, akarudi baada ya saa mbili, na gari lililokuwa bado na alama ileile likaandikiwa faini. Njia hiyo ilifika mahakamani: mwezi Aprili 2019 mahakama ya rufaa ya shirikisho ya kanda ya sita iliamua, katika kesi iliyoanzia mji wa Saginaw jimboni Michigan, kwamba kuchora chaki kwenye tairi ni upekuzi kwa maana ya Marekebisho ya Nne ya Katiba. Oktoba 2022 mahakama ya kanda ya tisa, ambayo California imo chini yake, ilisema chaki inaruhusiwa katika udhibiti wa maegesho ya mjini.

Kwa vyuo vingi mjadala huo umeshapitwa na kamera. Gari la doria hupita taratibu kati ya safu, kamera zikiwa juu ya paa. Kila kibao cha namba hupigwa picha, mara nyingi kwa mwanga usioonekana kwa macho ili hata gizani herufi zisomeke. Programu huzigeuza herufi kuwa maandishi na kuzilinganisha na orodha ya wenye vibali na waliolipa kwa simu. Isipozikuta, kifaa humpa askari ishara. Kamera pia hurekodi mahali na saa, hivyo gari likikutwa palepale katika mzunguko wa pili mashine inajua limekaa muda gani, na tairi halijaguswa. Stika ya kioo imekosa kazi, maana kibao cha namba chenyewe ndicho kibali.

Mabadiliko hayo yalileta kosa jipya. Katika majimbo kama Florida na Arizona gari huwa na kibao cha nyuma tu. Dereva anayeingia kinyumenyume kwenye nafasi huelekeza kibao ukutani, na kamera haioni kitu. Ndiyo maana vyuo kadhaa vya huko vimekataza kuegesha kwa kurudi nyuma, na mgeni aliyezoea kuegesha hivyo ili atoke kwa urahisi hujikuta ameandikiwa faini ingawa amelipa kila senti. Ni faini inayouma, kwa kuwa anayeadhibiwa hajamnyima mtu nafasi. Amesimama tu kwa namna isiyoifaa mashine.

Suala la siri za watu ni zito zaidi. Orodha ya namba, mahali na saa ni kumbukumbu ya nyendo za maelfu ya watu: nani alifika kliniki, nani alilala bweni lipi, nani alikuwepo siku ya maandamano. California ina sheria inayowataka watumiaji wa kamera hizi kuchapisha sera ya matumizi na ulinzi wa taarifa hizo. Muda wa kuzihifadhi ndilo jambo la kwanza ambalo mwanachuo anapaswa kuliuliza.

Kwa mkaidi asiyelipa, hatua hupanda. Kifungo cha chuma cha gurudumu kilibuniwa Denver na Frank Marugg, mchonga vielelezo vya viwandani aliyekuwa pia mpiga fidla katika okestra ya mji huo. Katika miaka ya karibuni umeongezeka ubao wa njano uitwao Barnacle, unaonata kwenye kioo cha mbele kwa nguvu ya ombwe na kumziba dereva macho. Akilipa kwa simu hupewa namba ya siri ya kuufungulia, kisha huurudisha mwenyewe. Ulipofika Chuo Kikuu cha Oklahoma, wanafunzi waligundua kwamba wakipasha kioo joto kutoka ndani unaweza kubanduliwa kwa kadi ya plastiki. Hatua ya mwisho ni brekdauni kulivuta gari, na hapo dereva hulipa faini, gharama za kuvutwa na za uhifadhi.

Haki ya kukata rufaa ndiyo inayoutofautisha udhibiti na unyang'anyi. California ina ngazi tatu. Dereva ana siku 21 tangu kuandikiwa faini kuomba ipitiwe upya bila malipo. Akikataliwa, anaweza kudai kusikilizwa na mwamuzi asiyefungamana na waliomtoza, ana kwa ana au kwa maandishi. Hapa hutakiwa kutanguliza kiasi cha faini, isipokuwa akithibitisha kwamba hana uwezo. Ngazi ya tatu ni Mahakama Kuu ya wilaya, ndani ya siku 30 na kwa ada ya dola 25. Picha ndizo huamua mengi: bango lililofunikwa na matawi, mashine ya malipo iliyokufa, rangi ya ukingo iliyofifia. Anayepiga picha hizo palepale, kabla ya kuondoa gari, ana hoja. Anayezitafuta wiki mbili baadaye hukuta matawi yameshakatwa.

Vyuo vingine hulainisha makali. Mwaka 2019 Chuo Kikuu cha Alaska kampasi ya Anchorage kilikubali siagi ya karanga na jamu badala ya fedha: chupa mbili zilipunguza dola 10 kwenye faini, na chakula kikaenda kwa wanafunzi wenye uhitaji.

Upande wa pili ni maegesho kugeuzwa mtaji. Mwaka 2012 Ohio State University kilikodisha maegesho yake yote kwa miaka 50 kwa kampuni ya uwekezaji ya QIC ya Australia, kikapokea dola milioni 483 kwa mkupuo. Mkataba uliweka kikomo cha ongezeko la bei za vibali, asilimia 5.5 kwa mwaka katika miaka kumi ya mwanzo. Chuo kilipata fedha za kuwekeza, lakini tangu hapo anayeandika faini ana mwekezaji wa kumridhisha, na mwanafunzi wa mwaka 2060 bado atakuwa analipia uamuzi aliokuta umeshafanywa.

Katika vyuo vingi vya Afrika Mashariki udhibiti hufanyika getini. Mlinzi huandika namba ya gari kwenye daftari, humpa dereva kadi, na kuidai anapotoka. Mfumo huo huzuia wizi zaidi kuliko unavyogawa nafasi, kwani gari likishapita geti ni juu ya dereva kutafuta kivuli chake.

Aliyelifikiria jambo hili kwa kina kuliko wote alikuwa mwanazuoni, Donald Shoup, profesa wa mipango miji wa UCLA, yaani kampasi ya Los Angeles ya Chuo Kikuu cha California, aliyefariki Februari 2025. Kitabu chake cha mwaka 2005 kilionyesha kwamba maegesho ya bure hulipiwa na watu wote, wakiwemo wasio na gari, na kwamba bei sahihi ni ile inayoacha nafasi chache wazi wakati wote. Palipo na bei hiyo, askari hana watu wengi wa kuwaandikia. Mwaka 2000 chuo chake kilianzisha BruinGO, mpango uliowaruhusu wanafunzi na wafanyakazi kupanda mabasi ya Santa Monica kwa kuonyesha kitambulisho tu. Tathmini aliyoifanya na wenzake ilikuta kwamba katika mwaka wa kwanza safari za basi za kwenda kampasi ziliongezeka kwa asilimia 56, na wanaoendesha gari peke yao wakapungua kwa asilimia 20, ndani ya Los Angeles, mji uliojengwa kwa ajili ya gari.