Nani Amesema Kitengela Haina Historia?

Wiki jana nilikuwa kwa matatu ya 110, foleni ya Mlolongo imekataa kusonga. Jamaa wawili nyuma yangu wakaanza zile stori za kulinganisha mitaa. Mmoja akasema, "Kite ni mahali pa kulala tu. Haina historia, haina wenyewe. Kila mtu alikuja na lori ya vitu."

Nilitaka kugeuka nimjibu. Shida ni kwamba hata sisi tulikuja na lori ya vitu. Nilikuwa mtoto, mama amepata kazi ya kushona nguo kule EPZ, na kitu ninachokumbuka ni godoro limefungwa kamba na mimi nimelikalia. Nikanyamaza. Lakini hiyo maneno imekataa kunitoka, kwa hivyo leo najibu.

Tuanze na jina. Kajiado inatoka kwa neno la Kimaa, Orkejuado, yaani mto mrefu. Na hapa Kite, kabla ya maghorofa, kituo cha biashara kiliitwa Noonkopir. Wazee bado wanakiita hivyo. Kwa hivyo mahali palikuwa na jina kabla yetu, na pakiwa na jina jua pana watu waliolitoa. Hao ni Wamaasai wa Kaputiei. Uwanda wa Kapiti unaouona ukielekea Konza umebeba jina lao.

Sasa shikilia hapo. Mwaka 1904, serikali ya Mwingereza iliwafanya Wamaasai watie sahihi mkataba wa kuachia Bonde la Ufa ili walowezi wapate mashamba. Wengine wakasukumwa Laikipia, wengine huku kusini. Waliambiwa mkataba huo utadumu milele. Milele ikadumu miaka saba. Mwaka 1911 wakaambiwa watoke Laikipia pia, waje wabanane kusini. Walienda kortini mwaka 1913, kesi ikatupwa, majaji wakisema hayo ni mambo kati ya mataifa mawili na korti haiwezi kuyagusa. Manze, fikiria: unanyang'anywa ardhi na serikali, halafu ukishtaki unaambiwa wewe ni nchi ya kigeni.

Mwaka 1946 ikaja Mbuga ya Wanyama ya Nairobi. Upande wa jiji wakaweka ua. Upande wa kusini, kwetu, ukabaki wazi, na mpaka ukawa mto Mbagathi. Haikuwa bahati mbaya. Mvua ikinyesha, nyumbu na punda milia hutoka mbugani kufuata nyasi fupi za Kitengela na Kapiti. Kiangazi kikibana, wanarudi penye maji. Yaani mbuga tunayojivunia kwa watalii ilitegemea uwanja wa nyuma wa watu wengine, na watu hao walikuwa wafugaji wasiokuwa na ua.

Baada ya Uhuru, sheria ya mwaka 1968 ilileta ranchi za pamoja. Kitengela ikawa moja: zaidi ya hekta 18,000, wanachama kama 200, hati moja. Mwaka 1988 ikagawanywa, kila mwanachama akapata kipande chake. Usikimbilie kuwalaumu. Watu waliogopa kwamba wakubwa watajimegea sehemu nono huku wengine wakingoja. Walitaka hati ya kupeleka benki, na vijana walitaka kujua chao ni kipi.

Halafu mwaka 1990 ikatungwa sheria ya EPZ, viwanda vya nguo vikaja Athi River, na wafanyakazi wakahitaji keja. Ukiwa na ekari nyingi, ukame umekula ng'ombe na karo inadaiwa, broka akija na pesa taslimu utamwambia nini? Ekari zikawa ploti za 50 kwa 100. Sensa ya 2009 ilihesabu watu zaidi ya 58,000 Kitengela. Ya 2019 ikahesabu zaidi ya 154,000. Mimi ni mmoja wao.

Hapa nikakumbuka somo la Historia. Tulikariri mapinduzi ya kilimo ya Uingereza, jinsi vijiji vilikuwa na malisho ya pamoja, halafu Bunge likapitisha sheria moja baada ya nyingine za kuyazungushia ua. Wenye nguvu wakapata mashamba, maskini wakaenda mjini kutafuta kazi viwandani. Tuliandika faida na hasara, tukapata maksi, tukasahau. Hakuna mwalimu aliyetuambia tuchungulie dirishani. Hiyo topiki ilikuwa inaendelea nje ya darasa letu, na viwanda vikiwemo.

Lakini kuna kijiji kimoja cha Uingereza, Laxton, kule Nottinghamshire, ambacho hadi leo kinalima mashamba ya wazi kama zamani. Kila mwaka wakulima huteua wenzao kuzunguka shambani kukagua mipaka, na aliyelima akapitiliza hupigwa faini. Sisemi tuwaige. Nasema tu mambo ya pamoja huhitaji watu wa kuyalinda, la sivyo yanamegwa kidogo kidogo.

Huku pia watu walijaribu. Tangu mwaka 2000 kulikuwa na mpango wa kuwalipa wenye ardhi dola 4 kwa ekari kwa mwaka ili wasiuze, wasiweke ua, wawaachie wanyama njia. Pesa ndogo ukilinganisha na bei ya ploti, lakini familia nyingi zilisomeshea watoto. Bado haikutosha. Juni 2012, simba sita waliuawa hapa Kitengela baada ya kuvamia mifugo usiku. Dunia ilikasirika. Wachache waliuliza aliyepoteza mbuzi wake angelipwa na nani. Na ni kijana wa huku huku, Richard Turere, aliyetengeneza taa za kumetameta za kufukuza simba bila kumuua yeyote. Mwenye suluhisho alikuwa amelala karibu na zizi.

Mtaani kwetu tuna jirani, mzee wa Kimaasai aliyebaki na kipande chake katikati ya nyumba zetu. Kiangazi kilichopita ng'ombe wake walipita mbele ya geti letu, na kundi la WhatsApp la wakaazi likawaka moto: maua yameliwa, kinyesi kila mahali, mzee aripotiwe. Mama alinituma nimpelekee ndoo mbili za maji ya boza. Nikamsalimia, "Supai, mzee." Akaitikia, "Ipa." Nikamuuliza kwa nini asiwapitishe kwingine. Akaonyesha kwa rungu, ukuta, ukuta, ukuta. "Kijana wangu," akasema, "hii ndiyo njia. Nyumba yenu ndiyo iliikuta."

Sikuwa na jibu. Mama hakuiba ile ploti, aliilipia kwa miaka ya kushona. Mzee naye hakukosea. Lakini jioni hiyo niliandika kwa lile kundi kwamba tuache mita chache wazi kando ya ukuta wa nyuma, ng'ombe wapite. Watu wanne walikubali, wawili walinitukana, wengine walisoma wakanyamaza. Kikao ni Jumapili hii baada ya kanisa, na mzee amealikwa.

Kwa hivyo kwa yule jamaa wa matatu: Kite ina historia na ina wenyewe. Sisi wa lori ya vitu ndio tumeingia ukurasa wa mwisho, na kalamu bado iko mkononi. Ukijenga huku, kabla hujamwita fundi wa ukuta, uliza jirani njia inapita wapi.