Makosa ya sehemu za diski wakati wa kusakinisha mfumo wa uendeshaji

Makosa ya sehemu za diski ni matatizo yanayojitokeza pale programu ya kusakinisha mfumo wa uendeshaji, kwa mfano Windows au Linux, inaposhindwa kutambua, kuunda au kutumia sehemu za diski ya kompyuta. Hutokea mara kwa mara wakati usakinishaji unafanywa kutoka kwenye flashi, yaani kifaa kidogo cha kuhifadhia data kinachochomekwa kwenye tundu la USB. Mitaani nchini Tanzania kazi ya kusakinisha mfumo huo hujulikana kama "kupiga Windows".

Kwa kawaida makosa hayo si dalili kwamba diski imekufa. Mara nyingi chanzo ni kutolingana kwa mambo mawili: namna kompyuta ilivyowashwa na namna diski ilivyogawanywa. Hatari kubwa haimo katika kosa lenyewe bali katika tiba yake, kwa kuwa baadhi ya amri zinazoliondoa kosa hufuta pia kazi zote za mwenye kompyuta.

Sehemu na jedwali la diski

Diski moja inaweza kugawanywa katika sehemu kadhaa, kama shamba lililogawanywa kwa mipaka. Kila sehemu huonekana kwa mtumiaji kana kwamba ni diski inayojitegemea. Katika Windows sehemu hizo hupewa herufi kama C na D. Mahali sehemu inapoanzia na inapoishia huandikwa katika jedwali maalumu lililoko mwanzoni mwa diski. Jedwali likipotea, data bado ipo, lakini kompyuta haijui tena ilipo.

Kuna aina mbili kuu za jedwali:

* MBR ilianza kutumika mwaka 1983 pamoja na mfumo wa PC DOS 2.0 kwenye kompyuta za IBM. Jedwali lake limo ndani ya baiti 512 za kwanza za diski na lina nafasi ya sehemu kuu nne tu. Katika diski za kawaida haliwezi kuhesabu nafasi inayozidi terabaiti 2 na kidogo.

* GPT ilibuniwa pamoja na mfumo wa kuwashia kompyuta uitwao EFI, ambao leo huitwa UEFI. Kwa kawaida ina nafasi ya sehemu 128, na huweka nakala ya pili ya jedwali mwishoni mwa diski ili kusaidia endapo la kwanza litaharibika.

Aina hizo zinaendana na njia mbili za kuwasha kompyuta. Njia ya zamani ni BIOS, nayo huendana na MBR. Njia mpya ni UEFI, nayo huendana na GPT na huhitaji sehemu ndogo yenye muundo wa FAT32 inayobeba programu za kuwashia mfumo. Kompyuta nyingi zilizotengenezwa katika miaka ya 2010 zinaweza kufuata njia zote mbili, na hapo ndipo mkanganyiko unapoanzia.

Makosa yanayotokea mara nyingi

Aina ya jedwali kutolingana

Windows hukataa kusakinishwa kwenye diski ya GPT kompyuta ikiwa imewashwa kwa njia ya BIOS, na vilevile hukataa diski ya MBR kompyuta ikiwa imewashwa kwa UEFI. Ujumbe unaotolewa hutaja jina la jedwali lililokutwa.

Flashi moja inaweza kuonekana mara mbili katika orodha ya kuwashia: mara moja ikiwa na neno UEFI mbele ya jina lake, na mara nyingine bila neno hilo. Orodha hiyo hufunguliwa kwa kubonyeza F12 katika kompyuta nyingi za Dell na Lenovo, au F9 katika nyingi za HP, mara tu baada ya kuwasha. Mtu akichagua mstari usiofaa, usakinishaji hukwama. Dawa ya kwanza ni kuzima, kuwasha upya na kuchagua mstari wa pili. Hatua hiyo haifuti chochote, na mara nyingi inatosha.

Kushindwa kuunda sehemu mpya

Wakati mwingine Windows husema haikuweza kuunda sehemu mpya wala kupata iliyopo. Sababu inaweza kuwa flashi ya pili au kadi ya kumbukumbu iliyosahaulika kwenye kompyuta, kisakinishi kikashindwa kujua diski ipi ni ya mfumo. Sababu nyingine ni diski ya MBR ambayo tayari ina sehemu kuu nne: hata ikiwa na nafasi tupu, haiwezi kupokea sehemu kuu ya tano.

Diski kutoonekana kabisa

Katika kompyuta mpakato nyingi zenye prosesa za Intel za kizazi cha 11 na kuendelea, diski inaweza kukosekana katika orodha ingawa ni nzima. Hii hutokea pale inaposimamiwa na teknolojia ya VMD, ambayo huhitaji draiva, yaani programu ndogo inayouwezesha mfumo kuwasiliana na kifaa. Draiva hiyo hupakuliwa kutoka kwa mtengenezaji wa kompyuta, huwekwa kwenye flashi na kupakiwa wakati wa usakinishaji. Kununua diski mpya kabla ya kujaribu hilo ni kupoteza fedha.

Flashi yenye kasoro

Muundo wa FAT32 hauwezi kubeba faili moja yenye gigabaiti 4 au zaidi, ilhali faili kuu la Windows katika matoleo ya karibuni mara nyingi huzidi ukubwa huo. Kunakili mafaili kwa mkono hivyo huweza kutoa flashi isiyokamilika. Programu kama Rufus hutatua tatizo hilo, na pia humwuliza mtumiaji iwapo flashi iandaliwe kwa MBR au GPT. Ni muhimu kukumbuka kwamba kuandaa flashi hufuta kila kilichomo ndani yake.

Sehemu kukataa kupunguzwa

Anayetaka kuweka Linux kando ya Windows anaweza kukuta sehemu ya Windows haikubali kupunguzwa. Mara nyingi Windows ilikuwa haijazimwa kikamilifu, kwa kuwa uwashaji wa haraka huacha sehemu ya kazi ya mfumo ikiwa imehifadhiwa kwenye diski. Huduma hiyo huzimwa kwanza ndani ya Windows kwa amri "powercfg /h off". Sababu nyingine ni ulinzi wa BitLocker, unaofunga data kwa ufunguo. Ufunguo wake wa dharura una tarakimu 48, na ni lazima uwe umehifadhiwa mahali pengine kabla ya kugusa diski.

Utambuzi bila kufuta data

Kabla ya tiba yoyote diski inaweza kuchunguzwa bila kubadilisha kitu. Katika kisakinishi cha Windows, vitufe vya Shift na F10 vikibonyezwa pamoja hufungua dirisha la amri. Hapo huandikwa "diskpart", kisha "list disk". Orodha hutokea ikiwa na namba ya kila diski, kuanzia 0, pamoja na ukubwa wake. Diski yenye alama ya nyota katika safu ya mwisho ni ya GPT. Isiyo na nyota kwa kawaida ni ya MBR. Katika Linux amri "lsblk" huonyesha diski na sehemu zake.

Flashi nayo huonekana katika orodha hiyo. Kwa hiyo kila diski hutambuliwa kwa ukubwa wake, si kwa kukisia namba.

Suala la diski C na D

Katika Afrika Mashariki ni desturi ya mafundi wengi kugawa diski katika C na D. Mfumo hukaa C, na mafaili ya mtumiaji hukaa D. Desturi hii ina faida: mfumo ukiharibika, C inaweza kufomatiwa peke yake na D ikabaki salama. Kutokana na hilo watu wengi huamini kwamba kilichoko D hakiwezi kupotea.

Imani hiyo si sahihi. C na D ni sehemu mbili za diski moja na zimeandikwa katika jedwali moja. Amri "clean" ya diskpart, inayopendekezwa mara nyingi kama tiba ya makosa ya sehemu, hufuta jedwali lote, hivyo D huondoka pamoja na C. Amri hiyo haiulizi iwapo mtumiaji ana uhakika. Ikifuatiwa na "convert gpt", usakinishaji hukubali mara moja, na kosa huonekana kuwa limetatuliwa. Hasara hugundulika baadaye, mwenye kompyuta anapotafuta tasnifu, picha au alama za mitihani.

Kuna mtego mwingine. Wakati wa usakinishaji herufi zinaweza kubadilika, sehemu iliyozoeleka kuwa D ikaonekana kama C. Anayefomati kwa kufuata herufi pekee anaweza kufuta sehemu isiyokusudiwa.

Utaratibu salama

1. Kunakili mafaili yote muhimu kwenye diski ya nje. Ikiwa Windows haiwaki, Linux inayotumika moja kwa moja kutoka kwenye flashi inaweza kufungua diski na kunakili, mradi haijafungwa kwa BitLocker.
2. Kufungua baadhi ya mafaili yaliyonakiliwa ili kuhakikisha ni mazima.
3. Kuchomoa vifaa vyote vya USB visivyohitajika.
4. Kujaribu mstari mwingine wa flashi katika orodha ya kuwashia.
5. Kuchunguza aina ya jedwali la diski.
6. Kubadilisha jedwali bila kufuta, inapowezekana. Tangu mwaka 2017 Windows 10 ina programu ya MBR2GPT inayofanya kazi hiyo kwa diski ya mfumo. Hata hivyo hatua ya kwanza bado inahitajika.
7. Kutumia "clean" mwishoni tu, njia nyingine zikishindikana.

Umeme ukikatika wakati sehemu inapunguzwa au kuhamishwa, data inaweza kuharibika. Kompyuta mpakato inapaswa kuwa na betri iliyojaa, na ya mezani iwe na UPS.

Kurejesha data

Jedwali likifutwa kwa bahati mbaya, jambo la kwanza ni kuacha kuandika chochote kwenye diski hiyo. Programu huria ya TestDisk inaweza kutafuta mipaka ya sehemu za zamani na kuandika jedwali upya. Matumaini ni makubwa zaidi katika diski za kuzunguka kuliko katika SSD, kwa sababu SSD inaweza kusafisha yenyewe maeneo iliyoambiwa kuwa hayatumiki. Amri "clean all" huandika sifuri kwenye diski nzima, na baada yake data hairejeshwi kwa njia hizo.

Hali katika Tanzania

Suala hili linagusa hasa miji yenye wanafunzi wengi. Dodoma, kwa mfano, ina Chuo Kikuu cha Dodoma, kilichoanzishwa mwaka 2007, na Chuo Kikuu cha Mtakatifu Yohana cha Tanzania, kilichoanza mwaka huohuo katika eneo la Kikuyu, mahali palipokuwa Shule ya Sekondari Mazengo. Mwanafunzi anayeandika tasnifu kwa kawaida ana kompyuta moja tu, na huipeleka kwa fundi ikiwa na kazi yake yote.

Lugha nayo huchangia. Vifurushi vya Kiswahili vya Windows huongezwa baada ya mfumo kukamilika, kwa hiyo ujumbe wa makosa wakati wa usakinishaji husomwa kwa Kiingereza. Asiyeuelewa hubonyeza tu ili aendelee.

Usakinishaji mpya umeongezeka umuhimu tangu msaada wa kawaida wa Windows 10 ulipokoma tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 rasmi huhitaji kompyuta yenye UEFI, hivyo kompyuta za zamani zenye MBR hukutana na kosa la kutolingana kwa jedwali. Kabla ya kumkabidhi fundi kompyuta, mwenyewe anapaswa kumweleza kilichoko D, na kubaki na nakala yake nyumbani.