Kifaa Kinachokumbuka Kina cha Maji

Kompyuta ya kuzamia ninayoitunza ilitengenezwa mwishoni mwa miaka ya 1990, na kiwanda kiliacha kuitengeneza kabla sijamaliza shule ya msingi. Ni kidude cha kufungwa mkononi, kikubwa kuliko saa, chenye kioo kilichochubuka na vitufe vitatu, kimoja kigumu. Nilipewa na mzee mmoja aliyekuwa akifundisha uzamiaji huko pwani, ambako mimi hutengeneza vifaa vya wazamiaji. Nikija likizo nyumbani Nyakisasa, wilaya ya Ngara, naibeba kwenye begi. Watu hucheka. Nyakisasa ina vilima, migomba na mbuzi. Pa kuzamia hakuna.

Lakini historia ya kifaa hiki inaanza na mbuzi.

Katika karne ya 19, watu walipoanza kufanya kazi ndani ya hewa iliyogandamizwa, chini ya mito na baharini, ugonjwa mpya ulijitokeza. Mtu alishuka akiwa mzima, akafanya kazi vizuri, akapanda akiwa mzima. Baada ya muda mfupi viungo vikaanza kuuma. Wengine walipooza, wengine walikufa. Washington Roebling, mhandisi wa Daraja la Brooklyn huko New York, aliugua hivyo mwaka 1872 na akabaki kusimamia ujenzi akiwa mgonjwa. Mwaka 1878 Mfaransa Paul Bert alieleza chanzo: naitrojeni. Hewa tunayovuta ina naitrojeni karibu asilimia 78. Mgandamizo ukiongezeka, gesi hiyo huyeyuka na kuingia kwenye damu na nyama. Ukipanda taratibu, hutoka kwa kupumua. Ukipanda haraka, hufanya kama soda iliyofunguliwa ghafla: inatoa mapovu, na safari hii chupa ni mwili wako.

Swali lililobaki lilikuwa la vipimo. Upande kwa haraka kiasi gani? Usubiri wapi, dakika ngapi? Mwanzoni mwa karne ya 20 jeshi la majini la Uingereza lilimpa kazi hiyo mwanafiziolojia John Scott Haldane. Yeye na wenzake waliwaingiza mbuzi kwenye chemba ya chuma, wakapandisha mgandamizo, kisha wakaushusha kwa kasi tofauti na kutazama. Mbuzi aliyepata maumivu aliinua mguu wa mbele na kukataa kuukanyagia. Mtoto yeyote wa Nyakisasa aliyewahi kuchunga angeielewa ishara hiyo bila kuambiwa. Mwaka 1908 Haldane, Boycott na Damant walichapisha matokeo pamoja na majedwali ya kupanda. Haldane aliugawa mwili katika makundi matano ya kufikirika, kila moja likijaa na kumwaga naitrojeni kwa kasi yake: kundi la haraka hufika nusu kwa dakika 5, la polepole kwa dakika 75. Damu ina haraka. Mafuta na viungo havina.

Fikra hiyo ndiyo imekaa ndani ya kidude changu hadi leo. Yaliyobadilika ni nani anayepiga hesabu.

Kwa miongo mingi hesabu ilipigwa na mtu mwenyewe, kwa saa, kipimo cha kina na jedwali lililochapishwa. Jedwali ni la tahadhari: linachukulia kuwa muda wote ulikuwa kwenye kina kikubwa ulichofika, hata kama ulikaa huko dakika mbili. Mwaka 1959 Waitaliano walitoa kifaa cha kwanza kilichosambaa, ambacho hakikuwa na umeme wowote. Ndani yake gesi ilipenya polepole kwenye kizuizi cha kauri, kuiga mwili unavyonyonya naitrojeni, na mshale ukaonesha hali. Kiliiga kundi moja tu la nyama, basi. Kompyuta zenyewe ziliingia sokoni mwaka 1983: Marekani ikatoa Orca Edge, iliyotumia betri ya volti 9, na Uswisi ikatoa DecoBrain. Nyuma ya kazi ya Waswisi alikuwepo daktari Albert Bühlmann wa Zürich, ambaye alifanya utafiti wa miaka mingi akiwafikiria pia wazamiaji wa maziwa ya milimani. Mlima huo utarudi kwenye habari hii.

Kwa hiyo kompyuta ya kuzamia hufanya kazi moja kubwa: inakumbuka. Kila baada ya sekunde chache inapima mgandamizo wa maji, inakadiria naitrojeni iliyoingia katika kila kundi, na inaendelea kukadiria hata ukiwa umekaa ufukweni unakula chipsi. Ukizamia tena mchana, inajua asubuhi ulikuwa wapi.

Hapo ndipo matatizo ya kifaa kilichoachwa na kiwanda yanapokuwa mazito. Redio ikifa, unakosa taarifa ya habari. Baba mdogo amezitengeneza redio Rulenge tangu enzi za wakimbizi, Radio Kwizera ilipoanza kurusha matangazo kutoka Ngara mwaka 1995, na dawa zake nazijua zote: kuanika betri juani, kusugua vishikio kwa kifutio cha penseli, kuchomea waya upya. Redio inasamehe. Ikikoroma, unasikia kuwa inakoroma. Kompyuta ya kuzamia inaweza kukosea kimya kimya, kwa namba safi zinazosomeka.

Nianze na betri, kwa sababu ndiyo chanzo cha lawama nyingi. Yangu hutumia betri bapa ya volti 3, aina ya CR2450. Betri mpya ikipimwa nje ya kifaa huonesha volti 3 na zaidi kidogo, na hata betri iliyochoka inaweza kuonesha 2.9 ikiwa haina mzigo. Ukweli unajitokeza ukiwasha taa ya kioo: namba zinafifia, au kifaa kinajizima na kuwaka upya. Kikifanya hivyo, tatizo kubwa linaweza kuwa tayari limetokea, kwa kuwa kifaa kama changu kikikosa umeme hupoteza hesabu ya naitrojeni. Kikiwaka kinakuona mtu mpya ambaye hajawahi kugusa maji. Mwili wako unakumbuka, chenyewe kimesahau. Ndiyo maana wazamiaji wana kanuni ya kukaa nchi kavu saa 24 kompyuta ikizimika katikati ya siku ya kuzamia. Mimi hubadilisha betri tu kama hakuna aliyezamia nayo tangu jana yake.

Cha pili ni oringi, ile pete ya mpira inayozuia maji kwenye mfuniko wa betri. Unywele mmoja unatosha kupitisha chumvi. Naitoa kwa kijiti cha mbao, kamwe si kwa sindano, naifuta, naikagua kwenye mwanga huku nikiizungusha, naipaka grisi ya silikoni kiasi cha kung'aa tu. Vipuri vya kiwanda havipo, lakini oringi ni vipimo: ukiwa na kipenyo na unene wake, duka la vipuri vya mitambo linaweza kuwa nayo. Grisi ya magari siitumii, kwa sababu mafuta ya petroli huvimbisha baadhi ya aina za mpira.

Cha tatu ni vishikio vya maji, vinundu viwili vya chuma vinavyokiwasha kifaa vikilowa. Vikishika chumvi, kifaa kinadhani kiko majini muda wote na kinamaliza betri kabatini. Siki kidogo, mswaki laini, maji baridi, kisha kukikausha.

Cha nne ndicho kinachoninyima usingizi: kihisi cha mgandamizo. Matundu yake yakiziba kwa chumvi au mchanga, kina kinasomeka pungufu, na dakika unazopewa zinakuwa nyingi kuliko haki yako. Nakiloweka kwenye maji ya uvuguvugu usiku mzima; sikichokonoi. Kisha napima kwa kamba. Nafunga jiwe, naweka alama kila baada ya mita 5, nakifunga pamoja na kifaa kingine ninachokiamini, nakishusha na kukipandisha, halafu nasoma kina kikubwa vilichoandika. Nikipata tofauti inayokua kadiri kina kinavyoongezeka, kihisi kimechoka, na kwangu mimi kifaa hicho kimestaafu.

Kumbukumbu za safari zake za zamani nazo nilizitoa. Programu ya kiwanda ilitaka kompyuta ya mezani yenye tundu la waya wa kizamani, lakini kuna Subsurface, programu ya bure iliyoanzishwa mwaka 2011 na Linus Torvalds, yuleyule wa Linux, nayo inasoma vifaa vingi ambavyo viwanda vimevisahau. Safari za mzee zilijipanga kwenye skrini moja baada ya nyingine, kila moja mstari unaoshuka na kupanda.

Sasa mlima. Mara ya kwanza nilipoiwasha Nyakisasa, kioo kilionesha alama ya kilima na saa za kusubiri, kana kwamba nimetoka majini. Haikuwa imeharibika. Ilipima hewa, ikagundua kuwa ni nyepesi kuliko ya pwani, ikahesabu kuwa mwili uliozoea usawa wa bahari umefika mahali pa mgandamizo mdogo ukiwa na naitrojeni ya ziada. Kwa kifaa hiki, mtu aliyepanda basi kutoka pwani hadi Ngara ni kama mzamiaji anayepanda juu.

Jambo hilo lina maana kubwa kwetu, kwa sababu sehemu ya mvua inayonyesha Ngara huingia Ruvubu, kisha Kagera, kisha Ziwa Victoria, na ziwa hilo liko mita 1,134 juu ya bahari. Hewa juu yake ina mgandamizo wa takriban asilimia 88 ya ule wa pwani. Ukizamia mita 25 ziwani, unaporudi juu unarudi kwenye hewa nyepesi, hivyo mwili unapata mteremko mkali zaidi wa mgandamizo. Nimepiga hesabu mara nyingi: mita 25 za ziwa ni sawa na karibu mita 28 za baharini. Jedwali la zamani la jeshi la majini la Marekani liliruhusu dakika 30 kwenye mita 27, na dakika 25 kwenye mita 30. Dakika tano hizo ndizo mlima unazokunyang'anya, na mtu anayetumia jedwali la pwani ziwani hajui kuwa hana.

Mita 25 sikuichagua ovyo. Ni kina ambacho MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza, asubuhi ya Mei 21, 1996. Meli ilikuwa na uwezo wa abiria 430. Waliokufa walipita 800. Mimi nilizaliwa baadaye, lakini hakuna aliyekulia Kagera asiyejua simulizi yake. Meli ilipinduka na kwa muda ikabaki inaelea, tumbo juu, kwa sababu kulikuwa na hewa ndani. Watu waligonga kutoka ndani. Waokoaji wakatoboa bati ili kuwatoa. Hewa ikatoka kwenye tundu, maji yakapanda, meli ikazama. Nimesikia watu wakiisimulia kama mkosi. Kwa kazi yangu nailewa kama mgandamizo: hewa ileile iliyowapa pumzi ndiyo iliyokuwa imeishikilia meli. Waliotoboa walikuwa na huruma na haraka. Kilichokosekana ziwani siku hiyo ni maarifa na vifaa vya kuingia kutoka chini. Wazamiaji wa jeshi la majini la Afrika Kusini walikuja baadaye, kutoa miili.

Septemba 20, 2018, MV Nyerere ilipinduka karibu na Ukara na watu zaidi ya 200 wakafa. Siku ya pili baada ya ajali, wazamiaji walimtoa fundi mitambo akiwa hai, kutoka sehemu iliyobakiwa na hewa. Kati ya meli hizo mbili ipo miaka 22. Sipendi kuzilinganisha kwa urahisi, kwa sababu waliokufa hawalinganishwi. Lakini mtu yule mmoja anaonesha thamani ya kuwa na watu wanaoweza kushuka na kurudi.

Ndiyo maana niliposikia ombi la kijana mmoja wa Mwanza sikulichukulia kirahisi. Ana cheti cha uzamiaji, na riziki yake ni kutafuta nyavu na injini za mitumbwi zilizozama. Hana kompyuta. Mpya ni bei ya miezi yake kadhaa ya kazi. Aliniomba nimuuzie hii. Baba mdogo alisema, "Mwanangu, mpe. Kibovu si bora kuliko mikono mitupu?" Kwa redio ningekubali. Kwa kifaa hiki nilisita kwa wiki mbili, kwa sababu mikono mitupu humfanya mtu aogope, na namba kwenye kioo humwondolea woga. Akiumwa, ndege ya kumpeleka kwenye chemba ya matibabu pwani inaweza kumzidishia mapovu kwa kumpandisha tena kwenye hewa nyepesi.

Mwishowe nimempa bila malipo, kwa masharti. Nimeiweka kwenye hali ya kupima tu: inaonesha kina na muda, haimpi dakika za ruhusa. Hesabu yenyewe nimemwandikia kwa kalamu isiyofutika kwenye kipande cha plastiki nyeupe cha kufunga mkononi, jedwali la Haldane lililopitia mikono mingi. Kila mstari nimeusogeza kwa ajili ya ziwa. Kwenye mita 25 nimemwandikia dakika za mita 30. Kila baada ya miezi mitatu ataishusha kwa kamba yenye alama na kunitumia picha ya kioo. Ya kwanza ameshatuma: kamba mita 20, kioo 20.1.