Sabuni ya Kung'arisha Uso Ilitoka Wapi?

Leo tuzungumze juu ya chunusi na mafuta ya uso. Mama mwenye msichana wa miaka kumi na minne anajua ninachosema. Mtoto anaomba pesa za mafuta aliyoyaona kwa rafiki yake. Yamepimwa kwenye kikopo kisicho na maandishi, pengine sokoni Bumala, pengine Busia karibu na mpaka. Rafiki alipaka siku tano tu, chunusi zikanywea na uso ukang'aa. Kabla hujafungua kitambaa na kutoa pesa hizo, nisikilize. Mafuta hayo yana historia.

Kukhu zetu walipaka samli ili ngozi isipasuke wakati wa kiangazi. Hawakutaka kubadilisha rangi. Dawa za kubadilisha rangi zilitoka mbali. Mwishoni mwa miaka ya 1930, huko Marekani, wafanyakazi weusi wa kiwanda cha ngozi za wanyama walivaa glavu za mpira kazini. Mikono yao ikaanza kuwa na mabaka meupe. Madaktari walipochunguza waligundua kwamba ndani ya mpira ule mlikuwa na kemikali ya jamii ya haidrokwinoni. Yale yalikuwa madhara ya kazi, akina mama. Lakini wafanyabiashara waliyaona kama bidhaa, na baadaye haidrokwinoni ikawa inauzwa kwenye vikopo vizuri vyenye picha ya mwanamke anayetabasamu.

Kufikia miaka ya 1960 krimu za namna hiyo zilikuwa zimeenea Afrika Mashariki. Tanzania ilijaribu kuzizuia kwa njia ya siasa: mwaka 1968 vijana wa TANU walitangaza Operesheni Vijana, wakapiga marufuku krimu za kujichubua pamoja na mawigi na sketi fupi. Mimi naona waliichanganya hatari ya kweli na mambo ya mavazi tu, na ndiyo sababu wanawake wengi hawakuwasikiliza.

Hatari ya kweli ilionekana Nairobi. Mwaka 1972 madaktari wa Hospitali Kuu ya Kenyatta walichapisha habari za wagonjwa 60 waliovimba mwili kwa sababu figo zao zilikuwa zinavuja protini kwenye mkojo. Waliwauliza maswali mengi. Jibu moja lilijirudia: wagonjwa 32 kati ya hao 60 walikuwa wakipaka krimu ya kung'arisha ngozi. Krimu zile zilikuwa na zebaki, asilimia 5 hadi 10. Zebaki ni ile madini inayoteleza kama maji ndani ya kipimajoto cha zamani. Huizuia ngozi kutengeneza rangi yake, lakini haibaki juu ya ngozi. Inapenya, inaingia kwenye damu na kufika kwenye figo. Kati ya wagonjwa 26 waliofuatiliwa, nusu yao walipata nafuu. Hebu fikiria hao wengine.

Je, krimu zilipoanza kuogopwa, zebaki iliondoka? Haikuondoka. Ilikuja kama sabuni. Na hapa ndipo chunusi zinapoingia, kwa maana sabuni hizi ziliandikwa kwamba zinaua vijidudu. Mama aliyeona upele usoni mwa bintiye alidhani amenunua dawa. Nyingi zilitengenezwa Ulaya. Jumuiya ya Ulaya ilikataza zebaki katika vipodozi vya watu wake mwaka 1976, lakini kuuza sabuni hizo nje hakukukatazwa hadi mwaka 2003. Kwa miaka zaidi ya 25, kisichofaa uso wa mtoto wao kiliruhusiwa kuletewa mtoto wetu.

Mwaka 2001 daktari wa Japani, Masazumi Harada, aliyewahudumia kwa miaka mingi watu waliopata sumu ya zebaki mjini Minamata, alichapisha na wenzake matokeo ya kupima nywele za watu wa upande wetu wa Ziwa Victoria. Kwa kuwa dhahabu hukamatwa kwa zebaki, mtu angedhani wachimba migodi ndio wangekuwa na zebaki nyingi kuliko wote. Kumbe viwango vya kutisha vilikuwa kwa watu wa Kisumu waliokuwa wakioga kwa sabuni za kung'arisha. Sabuni zilizopimwa zilikuwa na zebaki kati ya asilimia 0.47 na 1.7. Watumiaji walilalamika kuhusu kutetemeka, uchovu na kizunguzungu.

Shirika la kukadiria ubora wa bidhaa, KEBS, lilikuwa limeshapiga marufuku vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni mwaka 1998. Lakini sisi tunaokaa Busia na Malaba tunajua mpaka ulivyo. Kinachokatazwa dukani hupita njia za panya.

Siku hizi kikopo kile cha kupimwa mara nyingi kina kitu kingine: steroidi kali, kama betamethasoni au klobetasoli. Hizi ni dawa halali za hospitali kwa magonjwa fulani ya ngozi, kwa muda mfupi. Zinatuliza wekundu na uvimbe haraka, ndiyo maana siku ya tano uso unapendeza. Baada ya wiki kadhaa ngozi inakuwa nyembamba, mishipa inaonekana, nywele zinaota mashavuni, na chunusi zinarudi nyingi kuliko mwanzo. Mtoto akiacha kupaka, uso unawaka moto, naye anakimbilia kikopo tena.

Kwa nini? Tabaka la juu la ngozi ni kama ukuta wa matofali. Seli ngumu ndizo tofali, na mafuta ya mwili ndiyo udongo unaozishikanisha. Ukuta huu huzuia maji yasitoke na vijidudu visiingie. Chunusi zenyewe huanza chini yake, wakati homoni za kubalehe zinapoongeza mafuta na vitundu vya ngozi vikaziba. Sio uchafu, kwa hiyo usimkemee mtoto kwamba haogi. Anayesugua kwa jiwe, ndimu, dawa ya meno au jiki anabomoa ukuta, na chunusi zinabaki pale pale.

Ukuta uliobomoka hujijenga wenyewe ukiachwa. Ngozi huchukua kama wiki nne kujifanya upya, na iliyoharibiwa sana huchukua miezi. Mtoto anawe uso mara mbili kwa siku kwa maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo isiyo na manukato. Ngozi ikiwa bado na unyevu, apake mafuta meupe ya kawaida, kidogo sana. Avae kofia juani. Asiminye chunusi. Uso ukishatulia, mnaweza kuuliza kemisti aliyesajiliwa dawa ya benzoili peroksaidi ya asilimia 2.5, aanze usiku mmoja na kuruka mmoja. Inafubaza taulo na foronya, kwa hiyo tafuta za zamani. Usitarajie mabadiliko kabla ya wiki sita.

Kama ametumia steroidi kwa miezi mingi, mpeleke hospitali kwanza, kwa sababu huenda ikabidi aache polepole. Ukiwa mjamzito usitumie dawa za chunusi za jamii ya vitamini A, kwani zile za kumeza huharibu mimba. Na mama anayepaka zebaki humwachia mtoto anayemkumbatia, hata aliye tumboni.

Jambo moja zaidi. Hapa Alupe, kati ya Busia na Malaba, kituo cha utafiti wa ukoma kilianzishwa miaka ya 1950, na baadaye kikawa chini ya KEMRI. Baka la ukoma huwa jeupe kidogo au jekundu, na mara nyingi halina hisia. Mafuta ya kupimwa yanaweza kulificha huku ugonjwa ukiendelea. Mwambie mtoto afumbe macho, mguse hapo kwa pamba. Asipohisi, mpeleke zahanati wiki hiyo hiyo. Dawa ya ukoma hutolewa bure. Na ukienda, beba kile kikopo, hata kama hakina maandishi, ili daktari akione.