Uokoaji wa mafaili kutoka taswira ya diski

Uokoaji wa mafaili kutoka taswira ya diski ni kazi ya kurudisha nyaraka, picha na data nyingine za kompyuta iliyokufa kwa kuzitafuta ndani ya nakala kamili ya diski yake, si kwenye diski yenyewe. Nakala hiyo, yaani taswira ya diski, ni faili moja kubwa linalobeba kila baiti ya diski kwa mpangilio uleule, pamoja na nafasi ambazo mfumo wa uendeshaji unazihesabu kuwa tupu. Katika Linux kazi hii hufanywa kwa programu huria zinazopatikana bila malipo.

Sababu za kutumia taswira

Kompyuta mpakato isiyowaka si lazima iwe imepoteza data. Mara nyingi kilichoharibika ni ubao mama au mfumo wa umeme, na diski ni nzima. Diski hiyo hutolewa na kuunganishwa na kompyuta nyingine kwa adapta ya USB. Katika baadhi ya kompyuta, hata hivyo, hifadhi imechomelewa kwenye ubao mama na haitoki.

Hatari ni kubwa zaidi diski yenyewe inapoanza kufa. Katika diski yenye sahani zinazozunguka, kichwa cha kusomea kilichoharibika kinaweza kukwaruza sahani na kufuta data moja kwa moja. Kwa sababu hiyo diski husomwa mara chache iwezekanavyo, na majaribio yote hufanywa juu ya nakala. Jaribio likienda vibaya, hakuna kilichopotea.

Kutengeneza taswira

Amri ya zamani ya kunakili diski ni dd, iliyotokana na Unix. Kwa kawaida dd husimama inapokutana na sekta isiyosomeka. GNU ddrescue, iliyoandikwa na Antonio Diaz Diaz kuanzia mwaka 2004, hunakili kwanza maeneo mazima na kuacha yale mabovu kwa ajili ya baadaye. Kazi huendeshwa kwa hatua mbili:

ddrescue -n /dev/sdb diski.img diski.map
ddrescue -d -r3 /dev/sdb diski.img diski.map

Hatua ya kwanza huchukua yanayosomeka kwa urahisi. Ya pili hurudia maeneo mabovu mara tatu. Faili la diski.map huweka kumbukumbu ya yaliyokwisha kusomwa, hivyo umeme ukikatika kazi huendelea pale ilipoishia. Taswira huhifadhiwa kwenye diski nyingine: diski ya GB 500 huhitaji nafasi ya takriban GB 500, hata kama nusu yake tu ilikuwa imetumika. Jina la diski chanzo huhakikiwa kwanza kwa amri ya lsblk, kwani kukosea jina kunaweza kufuta diski nzima.

Kufungua taswira

Amri ya fdisk -l diski.img huonyesha sehemu za diski na sekta ambapo kila sehemu inaanza. Sehemu ikianza kwenye sekta ya 2048, na kila sekta ikiwa na baiti 512, mwanzo wake ni 2048 × 512, yaani baiti 1,048,576:

mount -o ro,loop,offset=1048576 diski.img /mnt

Neno ro huzuia kuandika chochote ndani ya taswira. Baada ya hapo mafaili hunakiliwa kama kutoka flashi ya kawaida.

Mfumo wa mafaili ukiwa umeharibika

Christophe Grenier ndiye mtunzi wa programu mbili zinazotumika sana hapa. TestDisk hutafuta sehemu za diski zilizopotea. PhotoRec haitegemei orodha ya mafaili. Hutambua faili kwa baiti zake za mwanzo. Picha ya JPEG huanza na FF D8 FF, na hati ya PDF huanza na %PDF. Kasoro ya njia hii ni kwamba majina na folda za awali hupotea, na faili lililotawanyika vipandevipande huweza kutoka likiwa bovu.

Mipaka na usalama

Data iliyoandikwa juu yake data nyingine hairudi. Katika diski za SSD, amri ya TRIM huifanya hifadhi isafishe nafasi za mafaili yaliyofutwa, hivyo uwezekano wa kuyapata huwa mdogo. Diski iliyofungwa kwa LUKS au BitLocker hutoa taswira iliyofungwa vilevile. Bila nenosiri au ufunguo wa urejeshaji haisomeki. Diski inayogonga-gonga huzimwa mara moja na kupelekwa kwa mafundi wenye maabara maalumu.

Taswira hubeba kila kitu cha mwenye kompyuta, yakiwemo mafaili aliyodhani ameyafuta. Kwa hiyo hutunzwa mahali salama na kufutwa kazi inapokamilika.