Amana ya Mji: Habari ya Meneja na Wenye Kumwajiri



Kila mji una mambo mawili ambayo hapana budi yafanywe, na watu wakiyachanganya mji huharibika. La kwanza ni kuamua: barabara ipi itengenezwe, kodi iwe kiasi gani, soko lijengwe wapi. La pili ni kulitenda lile lililoamuliwa: kununua saruji, kuajiri mafundi, kuzoa taka kila asubuhi na kuweka hesabu. Mambo haya twayajua sisi watu wa pwani kwa mfano wa chombo. Tajiri wa chombo ndiye asemaye kuwa safari hii ni ya kupeleka boriti na kurudi na tende. Nahodha ndiye ayajuaye matanga, pepo na miamba. Tajiri akishika usukani naye si baharia, chombo hupanda mwamba. Na nahodha akijifanya tajiri, shehena huuzwa njiani na mwenyewe asipate habari.

Leo nataka tutazame namna watu wa Marekani walivyojaribu kuitenga kazi ya tajiri na ile ya nahodha katika kuendesha miji yao, kwa kumweka mtu wamwitaye meneja wa mji. Habari hii yafaa kusomwa majumbani mwetu, kwani ndani yake mna uaminifu uliotengeneza mji, na mna khiana iliyokaribia kuufilisi mji.

Dhoruba na mafuriko

Mwishoni mwa karne ya 19 miji mingi ya Marekani ilikuwa katika hali mbaya. Vyama vya siasa viligawa kazi za mji kama mtu agawavyo tunu za harusi. Aliyekisaidia chama siku ya kura alipewa ukubwa wa zimamoto au wa maji, aijue kazi asiijue. Mikataba ya ujenzi ilikwenda kwa rafiki, na raia akalipa bei maradufu kwa barabara isiyomaliza masika mawili.

Tarehe 8 Septemba 1900 ikazuka dhoruba kubwa katika mji wa Galveston, jimbo la Texas. Bahari ikaingia mjini, na watu wakadiriwao 6,000 au zaidi wakafa. Baraza la mji likaelemewa, na mwaka 1901 mahali pake wakawekwa makamishna watano, kila mmoja na idara yake. Mji ukasimama tena, ukajengewa na ukuta wa kuzuia bahari, na miji mingine ikauiga mpango huo. Lakini baada ya muda ila yake ikaonekana. Kila kamishna aligeuka mfalme katika idara yake, na hapakuwa na mmoja wa kuwaunganisha. Tena wale wale waliopitisha matumizi ndio waliotumia. Wahenga wetu walikwisha kusema: manahodha wengi, chombo huenda mrama.

Huku nyuma, mwaka 1908, mji mdogo wa Staunton katika jimbo la Virginia ulikuwa umefanya jambo jipya. Ulikuwa na kamati nyingi mno za madiwani, na kazi za kila siku zilikwama baina yao. Baraza likaamua kumwajiri mtu mmoja, mhandisi Charles Ashburner, ili azisimamie kazi zote kwa mshahara. Kijana mmoja wa New York, Richard Childs, alipolisikia jambo hilo aliliunganisha na lile la Galveston. Alisema: raia wachague watu wachache tu, lakini wateule hao wasishike idara yoyote, wamwajiri meneja mmoja ajuaye kazi, awe chini yao, na idara zote ziwe chini yake. Mwaka 1912 mji wa Sumter, South Carolina, ukawa wa kwanza kuupokea mpango huo wote mzima.

Bado ulikuwa mpango wa miji midogo. Ulioupa sifa ni mji mkubwa wa Dayton, jimbo la Ohio. Mwezi Machi 1913 Mto Great Miami ulivunja kingo zake, maji yakaingia katikati ya mji, na watu zaidi ya 360 wakafa katika bonde lote. Tajiri wa kiwanda cha mashine za kuhesabia fedha, John Patterson, aligeuza kiwanda chake kuwa mahali pa kuunda mashua, kulisha wenye njaa na kuwalaza waliokosa nyumba. Bwana huyu tangu mwaka 1896 alikuwa akihubiri kuwa mji uendeshwe kwa hesabu na ujuzi kama biashara iendeshwavyo. Wala tusimfanye malaika, kwani mwezi mmoja kabla ya mafuriko alikuwa amehukumiwa mahakamani kwa kuwabana washindani wake kinyume cha sheria, hukumu iliyokuja kutenguliwa mwaka 1915. Lakini katika msiba ule watu walimsikiliza.

Mwezi Agosti 1913 wapiga kura wa Dayton wakaikubali katiba mpya ya mji wao, ikaanza kazi tarehe 1 Januari 1914. Waliochaguliwa walikuwa watano tu. Kwanza walimwomba Goethals, yule aliyesimamia kuchimbwa kwa mfereji wa Panama. Alipokataa wakamwajiri Henry Waite, aliyekuwa mhandisi wa mji wa Cincinnati. Angalia jambo hili, msomaji: hawakuuliza huyu ni mtoto wa nani, wala ni wa chama gani, wala hawakujali kuwa ni mgeni. Waliuliza anajua nini.

Mamlaka yake na mipaka yake

Sasa tuzitazame kazi za meneja huyo kama zilivyo katika miji ifuatayo mpango huu.

Kwanza, yeye ndiye huwaajiri wakuu wa idara na kuwaachisha, kwa kipimo cha ujuzi wao. Pili, yeye ndiye hutengeneza makisio ya mapato na matumizi ya kila mwaka na kuyapeleka barazani. Baraza huyapunguza, huyaongeza, kisha huyapitisha. Tatu, hutekeleza sheria ndogo na maazimio yote ya baraza, ayapende asiyapende. Nne, huhudhuria vikao, hutoa taarifa na husema rai yake bila ya kuficha, hata kama rai hiyo yachukiza.

Ama mipaka yake ni hii. Hana kura. Hawezi kutoza kodi isiyopitishwa na baraza. Haingii katika mambo ya uchaguzi wa madiwani. Na aghlabu wingi wa kura za baraza watosha kumwondoa, kwa kuwa yeye ni mwajiriwa wao. Meya katika miji hii kwa kawaida huongoza vikao na kuuwakilisha mji, lakini idara haziko mikononi mwake.

Mpango huu unamfunga na diwani pia. Diwani akitaka jamaa yake apewe kazi ya ukarani, hana ruhusa ya kumwendea mkuu wa idara na kumwamuru. Akitaka mtaa wake uzolewe taka kabla ya mingine, na alilete jambo lake barazani mbele ya watu, au amwambie meneja. Kifungu hiki kidogo kimezuia dhuluma nyingi, kwani karani mdogo hawezi kumkatalia mkubwa aliyemfungia mlango chumbani, lakini baraza zima laweza.

Mwaka 1914 mameneja waliunda chama chao, na mwaka 1924 wakajiandikia kanuni za uaminifu. Leo miji mikubwa kama Phoenix na San Antonio yaendeshwa kwa mpango huu. Hata hivyo si mpango usio na kasoro. Katika miji mingi ya mwanzo madiwani walichaguliwa na mji mzima pamoja, si mtaa kwa mtaa. Kwa hiyo mitaa ya maskini na ya watu weusi mara nyingi ilikosa mtu wa kuisemea. Taka zilizolewa vizuri, lakini si kila mtu aliulizwa lake.

Khiana ya Bell

Sasa sikiliza habari ya mji wa Bell, karibu na Los Angeles. Wakati wa mambo haya ulikuwa mji mdogo wenye watu wapatao 36,000, wengi wao wafanya kazi wa kipato cha chini. Mwaka 1993 uliajiri meneja, Robert Rizzo, kwa mshahara wa dola 72,000 kwa mwaka. Miaka ikapita, naye akawa hodari wa kuwapendeza madiwani.

Mwaka 2005 ukaitishwa uchaguzi mdogo wa kuupa mji katiba yake wenyewe. Watu waliojitokeza hawakufika 400. Wengi wa wenyeji hawakujua hata linalopigiwa kura ni jambo gani, kumbe ndani yake mlikuwa na njia ya kukwepa kiwango cha malipo ya madiwani kilichowekwa na jimbo. Baadaye madiwani, ambao kazi yao ni ya saa chache tu, walifika kulipwa karibu dola 100,000 kila mmoja kwa mwaka. Nao hawakumwuliza meneja mshahara wake, wala meneja hakuwauliza wao. Kila mmoja alimfunika mwenzake.

Mwezi Julai 2010 gazeti la Los Angeles Times likalifunua jambo hili. Mshahara wa meneja ulikuwa umefika karibu dola 800,000 kwa mwaka, hali Rais wa Marekani alikuwa akilipwa 400,000. Ukaguzi wa jimbo ukaonyesha pia kuwa wenyeji walitozwa kodi kupita kiwango cha sheria. Maskini wakajaa barazani kwa hasira. Rizzo akajiuzulu; mwezi Machi 2011 wapiga kura wakawaondoa madiwani; na mwaka 2014 Rizzo akahukumiwa kifungo cha miaka 12 na kuamriwa kurudisha mamilioni ya dola.

Zingatia, ndugu yangu. Katika Dayton na katika Bell mpango ulikuwa ni ule ule: baraza, meneja, makisio, vikao. Tofauti ilikuwa ni macho. Dayton watu walikuwa wametoka katika msiba, na kila mmoja alitaka kujua fedha inakwenda wapi. Bell watu walilala. Na mali bila daftari huisha bila habari.

Na sisi je?

Usidhani kuwa jambo hili ni geni kwetu. Katika miji ya Kiislamu ya zamani alikuwako muhtasib, aliyetazama mizani za sokoni, usafi wa njia, na kuta zinazotaka kuangukia watu. Al-Mawardi, aliyefariki mwaka 1058, ameziandika kazi zake na mipaka yake kwa urefu. Muhtasib hakuwa meneja, kwani yeye aliwekwa na mtawala wala hakuajiriwa na baraza la raia. Lakini maana ya amana ni moja.

Leo Tanzania miji ina wakurugenzi, na mabaraza yaliwekewa sheria mwaka 1982. Mkurugenzi wa jiji ni katibu wa baraza na mkuu wa watendaji, lakini huteuliwa na Rais. Basi madiwani waweza kumhoji, wala hawawezi kumwachisha kama Dayton. Kenya nayo kwa sheria ya mwaka 2011 iliweka cheo cha meneja wa mji chini ya bodi. Kila nchi na njia yake. Lakini popote pale, mwenye kushika ufunguo wa hazina ni mwajiriwa, na wenye mali ni wewe na jirani yako.

Basi nakuusia mambo matatu. Ukisikia kuna kikao cha wazi cha baraza, nenda, hata ukae nyuma. Yakibandikwa makisio ya mapato na matumizi ubaoni, yasome, na usiyeweza kusoma umwite mwanao akusomee. Na usimwombe diwani upendeleo wa kichochoro, kwani siku utakapotaka kumhoji ulimi wako utakuwa mzito.

Mwenyezi Mungu atujaalie tuwe miongoni mwa wenye kuchunga amana, na wenye kuzidai pia zinapopotea.